Kila Mstari Una Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi

Hatimaye! Jumuiya yetu imekubali nilichokuwa nikikisema tangu zamani, kwamba hatuwezi kuendelea kuandika programu kama watu waliokutana njiani. Lugha ya kompyuta tunayoitumia ni moja, sawa, ila kila mwanachama anaiandika anavyoota. Huyu anaacha mistari mitupu ovyo, yule anabananisha maneno mpaka macho yanauma. Programu yetu ya pamoja, ile inayoita wagonjwa kwa namba pale zahanati, ukiifungua ndani ni nguo ya viraka. Inafanya kazi. Kwa nini inafanya kazi, hakuna ajuaye.

Kwa hiyo tunaunda Kamati ya Viwango, itakayoamua namna moja ya kuandika. Mwenyekiti atachaguliwa Jumamosi. Hadi hapo, amesema Katibu, programu isiguswe na mtu. Katibu ni mwalimu wa hesabu, mama mpole, akisema jambo harudii.

Mwenyekiti anapaswa kuwa mimi. Si majivuno. Ni kwamba katika jumuiya nzima anayeandika vizuri ni mmoja.

Mpinzani wangu ni Nafasi Nne. Tulimpa jina hilo kwa sababu akitaka kusogeza mstari ndani kidogo anagonga kitufe cha nafasi mara nne, nne kamili, kama mgeni anayebisha hodi huku anaogopa mbwa. Mtu mzima na ndevu zake. Mimi nagonga kitufe cha Tab mara moja, yamekwisha.

Kuna tatizo dogo. Mama mkwe yuko kwetu kwa ajili ya matibabu ya goti. Jana mezani aliniuliza kwani huko kwenye mikutano yangu mimi ni nani. Nikausikia mdomo wangu ukijibu, Mwenyekiti. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Mke wangu alinitazama, kisha akaendelea kumenya viazi. Chai haijapoa, mama mkwe alikuwa ameshawapigia simu ndugu wote, hata yule shangazi aliyepinga ndoa yetu. Na Jumamosi anakuja kuniona nikiongoza.

Basi lazima nishinde. Nikishindwa, mimi ni mwongo mbele ya ukoo mzima wa wakwe.

Jumanne, 5 Machi

Kampeni imeanza. Nimeweka kura ya maoni kwenye kundi letu la simu: unapendelea kusogeza mstari kwa njia gani? Jibu la kwanza, Tab. Jibu la pili, Sijui kompyuta. Haki bin haki.

Katibu ameifuta kabla sijamaliza chai. Akaandika kwamba wanachama wanaombwa kutotukanana. Nani kamtukana nani?

Nafasi Nne naye kajibu kwa ujumbe mrefu kuhusu faida za nafasi. Eti zinaonekana sawasawa kwenye kila skrini. Hata mimi naonekana sawasawa kwenye kila kioo, hilo si sababu ya kunichagua. Nilitaka kumwandikia hivyo, nikakumbuka kwamba ni hoja dhidi yangu.

Kazini kumetulia. Natunza kompyuta za shule ya udereva, zile wanafunzi wanazofanyia mtihani wa alama za barabarani. Dirisha langu linatazama uwanja wa mazoezi. Leo mama mmoja amerudi kinyumenyume akazilaza koni zote. Mwalimu wake alimpigia makofi kwa kusimama kabla ya ukuta.

Jumatano, 6 Machi

Nimemkaribisha Mzee Kimya chai mgahawani. Mzee Kimya ni mstaafu wa posta aliyejifunza programu uzeeni. Mikutanoni hasemi, lakini wenzake wanaomheshimu humtazama kwanza yeye ndipo wanyooshe mikono. Kura yake ni kura nyingi.

Nilizungumza kwa kirefu. Nilimweleza uzuri wa Tab, nikamweleza mahali pa kuweka mabano, nikamwagizia keki ya pili. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, kwa upole. Mwishoni nikamuuliza, je, tuko pamoja? Akafuta mdomo akasema yeye anatumia nafasi tatu.

Tatu! Sijawahi kusikia. Nilimuuliza kwa nini tatu. Akasema mbili zilikuwa chache na nne zilikuwa nyingi. Na mtu huyu ana wajukuu.

Nimerudi nyumbani nimenuna, nikamkuta mama mkwe naye amenuna. Kumbe huko zahanati amegombania zamu na mwanamke mwingine, wote wawili wameshika namba saba. Kila mmoja anasema ni yake. Mama mkwe alishinda. Anasema dunia imeharibika. Nikamwambia Mwenyekiti atalifuatilia. Alifurahi, na mimi nikajisikia vibaya kidogo, kisha nikala.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata!

Kwa nini niwaombe watu wakubali namna yangu ya kuandika, wakati naweza kuifanya iwepo tayari? Mtu akiamka akakuta nyumba imeshapakwa rangi hapingi rangi, anauliza chakula. Wakiingia mkutanoni wakute programu nzima imenyooka, ina Tab kila mahali na mabano yamepangwa kwa adabu, watapitisha tu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Saa ya chakula cha mchana nikajifungia ofisini nikamalizia kifaa changu. Nimekiita Pasi. Unakipa programu yoyote iliyokunjamana, kinainyoosha mstari kwa mstari bila kubadilisha inachofanya. Nikaifungua programu ya zahanati. Ndiyo, Katibu alisema isiguswe. Lakini kupiga pasi si kugusa, ni usafi.

Nilibonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Kila mstari, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Nimewaonea huruma kidogo wale waliohangaika miaka yote wakiandika vibaya. Mfumo unaotunza programu yetu ukanitaka nieleze nilichobadilisha. Nikaandika: Marekebisho madogo.

Nje, mwanafunzi mmoja amegonga ukuta. Sikugeuka hata kutazama.

Ijumaa, 8 Machi

Hakuna aliyelalamika. Hakuna aliyeona hata kidogo. Nilianza kuudhika, kwa sababu kazi nzuri kama ile ilistahili angalau mtu mmoja ashtuke.

Adhuhuri Katibu akapeleka kwenye kundi mchoro wa maandalizi ya mkutano, unaoonyesha nani ameandika sehemu gani ya programu. Kila mwanachama ana rangi yake. Yangu ni kijani. Mchoro mzima ulikuwa kijani, hakukubaki hata ukucha wa rangi nyingine.

Ilinichukua dakika kuelewa. Mfumo wetu unaandika kando ya kila mstari jina la mtu wa mwisho kuugusa. Na Pasi imegusa kila mstari. Kwa jina langu.

Nilitaka kueleza. Naapa nilitaka. Lakini pongezi zilikuwa zimeshaanza kumiminika. Mmoja akaandika kwamba hakujua jumuiya inabebwa na mtu mmoja. Mwingine akaomba radhi kwa kunidharau, jambo ambalo nilikuwa silijui. Mzee Kimya aliweka alama ya dole gumba, yeye ambaye hajawahi kuweka alama yoyote. Kichwa kikanivimba. Nikajibu kwamba sipendi kusifiwa.

Jioni Nafasi Nne akanipigia. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Aliniambia yeye anakumbuka kabisa aliandika ile sehemu ya kuita namba kwa spika. Aliiandika mkewe akiwa wodini anajifungua, anakumbuka hata kiti alichokalia. Lakini amefungua na kukuta jina langu. Akaniuliza kama niliwahi kumsaidia akasahau. Nikamwambia uchovu ni kitu kibaya, apumzike, ajaribu kunywa maji mengi. Akanishukuru.

Usingizi hauji usiku huu. Lakini hiyo inaweza kuwa ni ile keki ya juzi.

Jumamosi, 9 Machi

Mkutano ulikuwa pale tunapokutana siku zote, chumba cha juu ya fundi cherehani, sakafu inatetemeka kila akikanyaga mashine. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, kavaa nguo ya kuendea harusi za watu. Mke wangu alikaa nyuma karibu na mlango.

Nilichaguliwa. Wote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni mimi, nilijizuia kwa unyenyekevu. Hata Nafasi Nne alininyooshea mkono, uso umemshuka. Mama mkwe alipiga kigelegele. Alishangaa kidogo kwamba Mwenyekiti anachaguliwa tena, nikamnong'oneza kwamba ni utaratibu tu.

Laiti mkutano ungefungwa hapo.

Katibu akasema tuna mgeni. Akasimama muuguzi mkuu wa zahanati. Alitushukuru kwa programu, kisha akatoa malalamiko. Namba zikifika tisini na tisa zinarudi moja, hata kama watu wa asubuhi bado wako kwenye benchi wakisubiri majibu ya maabara. Kwa hiyo namba moja inaitwa, wanainuka watu wawili. Wiki hii wanawake wawili wazima, wote na magoti mabovu, wamevutana kiti mbele ya wagonjwa. Amelalamika tangu mwaka jana, kila akimuuliza mwanachama anaambiwa aliyeandika ni mwingine. Leo amekuja kumjua huyo mwingine.

Katibu akawasha projekta. Ukuta mzima ukajaa programu yetu, imenyooka kama ilivyopigwa pasi. Akasogeza taratibu. Kando ya kila mstari, jina langu. Akashuka chini, jina langu. Akapanda, jina langu. Hata fundi cherehani alinyamaza huko chini, au ndivyo nilivyosikia.

Nikaona nimejipalia makaa. Nikisema si mimi, lazima niseme jina langu lilifikaje pale, kwamba niligusa kilichokatazwa kuguswa, na uenyekiti utakufa ukiwa mchanga mbele ya mama mkwe. Nikisema ni mimi, basi mimi ndiye niliyemvutisha kiti.

Nikasimama nikasema ndiyo, nimeandika mimi, kila mstari.

Mama mkwe akageuka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Kumbe ni wewe, mkwe wangu?" Basi. Akaanza kulipapasa goti lake.

Jumuiya yetu haina sheria nyingi, lakini moja inayo tangu kuanzishwa: aliyeandika ndiye anayetengeneza. Katibu akaisoma kwa ile sauti yake ya upole. Yote, akasema. Kwa kuwa yote ni yako.

Jumapili, 10 Machi

Simu haijapumzika. Nimegundua kwamba wenzangu wote walikuwa wakijua makosa ya programu hii na wameyafuga kimya kama kuku wa kienyeji. Sasa wameyafungulia. Skrini ya dawa inaonyesha tarehe ya jana. Wagonjwa wenye majina marefu wanakatwa jina katikati. Spika ikisema themanini na nane inakohoa. Kila ujumbe unaanza na Mheshimiwa Mwenyekiti.

Nafasi Nne amepona kabisa. Anakumbuka kila kasoro ya ile sehemu ya spika, na anashukuru sana kwamba si yake. Amenitumia picha. Amepanda maua.

Jumatano, 13 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimekaa mezani jikoni tangu juzi, naisoma programu yetu. Aliyesema jumuiya haihitaji viwango aletwe hapa, akae nami kwenye kiti hiki.

Pasi imenyoosha mistari, hilo halina ubishi. Lakini ndani ya mistari kila mtu bado anasema kilugha chake. Mgonjwa, kwa mmoja, anaitwa mgonjwa. Kwa mwingine anaitwa mgnjw. Kwa wa tatu ni X2. Nafasi Nne anamwita huyu. Kuna mahali anaitwa shangazi, kwa sababu aliyeandika alifanyia majaribio kwa shangazi yake. Mimi nimewavisha sare nikadhani wameelewana. Ili kurekebisha tarehe moja ya dawa nimefuata shangazi na huyu vyumba vyote mpaka nikagundua ni mtu mmoja.

Wazo likanijia kwamba pengine Tab na nafasi si hoja. Pengine hoja ni kwamba mtu mwingine, siku nyingine, aweze kusoma ulichoandika bila kukutafuta. Lilikuwa wazo zito. Nikajinyoosha kidogo kwenye kochi, nilipoamka lilikuwa limeondoka.

Mama mkwe ananiletea chai. Anaweka kikombe, anatazama skrini, anaguna, anaondoka akichechemea. Chai ina sukari kama kawaida. Hilo ndilo linaniumiza.

Jioni nimeikuta ile kasoro ya namba kurudi moja. Mistari michache tu, imebanana vibaya, ya mtu asiyefikiri kwamba zahanati inaweza kupata wagonjwa zaidi ya tisini na tisa kwa siku. Uvivu mtupu. Nikasema leo nitamjua. Nikafungua nakala ya zamani kwenye kompyuta yangu, ya kabla ya Pasi, nione jina halisi.

Ni langu.

Yaani Jumamosi ile nilisimama mbele ya watu nikadanganya, na hapo nilikuwa nikisema kweli.

Nimerekebisha. Nakala ya zamani nimeifuta. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 16 Machi

Sijui niandikeje.

Mkutano ulianza vizuri. Muuguzi mkuu alikuja na biskuti. Alisema wiki hii hakuna aliyevutana na mtu, namba zinakwenda moja baada ya nyingine, dawa zina tarehe ya leo. Wakanipigia makofi. Mama mkwe alipiga kidogo, kwa vidole.

Ndipo Katibu akasimama. Akasema angependa wanachama wapya wajue kwamba mfumo wetu hausahau. Jina linaloonekana ni la mtu wa mwisho, lakini chini yake yapo ya waliotangulia, na ukiuamuru uruke badiliko fulani, unaruka. Akauamuru uruke badiliko moja la Alhamisi ile, linaloitwa Marekebisho madogo. Alisema lilimvutia mara tu alipoliona, kwa sababu hajawahi kuona madogo yanayogusa kila mstari.

Pale ukutani jina langu likaanza kupukutika. Ya wenzangu yakarudi moja moja mahali pake. Sehemu ya spika ikarudi kwa Nafasi Nne, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena aisome. Nilitamani sakafu iachie niangukie kwa fundi cherehani.

Jina langu likabaki sehemu chache. Mojawapo ni ile ya zamani ya namba kurudi moja. Mama mkwe akauliza pale maana yake nini. Katibu akamjibu kwa heshima kwamba maana yake, mama, hapo alisema kweli.

Walicheka. Mzee Kimya alicheka mpaka akakohoa.

Nilimuuliza Katibu, kama alijua tangu mwanzo, kwa nini alininyamazia, akaacha hata nichaguliwe. Akasema zahanati imelia mwaka mzima na hakuna aliyetaka kuipokea kazi. Mimi nimeipokea mbele ya mashahidi. Angenizuiaje?

Uenyekiti wameufuta, kwa upole, kama mtu anavyompokonya mtoto mkasi. Kisha wakataka kumaliza habari ya viwango. Katibu akaweka ukutani programu mbili, ya Tab na ya nafasi nne, akamwomba mama mkwe, asiye na upande, aseme ipi inapendeza. Mama mkwe akasogea karibu, akarudi nyuma, akauliza tofauti iko wapi.

Watu walitazamana. Katibu akasema basi hilo ndilo jibu, yoyote, mradi tuwe nayo moja. Kuhusu majina ya vitu watakaa pamoja wayapange, na mgonjwa ataitwa mgonjwa. Akarusha sarafu. Ikaangukia upande wa nafasi nne.

Na ili kuinyoosha programu nzima, walihitaji kifaa. Walitumia Pasi. Waliibadilisha mahali pamoja tu, pale penye Tab. Nafasi Nne akanishika mkono, akasema ni kifaa kizuri sana, hajawahi kuona kizuri hivyo. Alikuwa anamaanisha. Sijawahi kuumizwa hivyo maishani.

Njiani mke wangu alitangulia mbele na mwavuli. Mama mkwe alibaki nyuma na mimi, tunakwenda mwendo wa goti lake. Akaniambia: "Mimi, baba, ningekusifia hata ungekuwa mfagiaji wa ukumbi ule. Binti yangu umemtunza. Lakini yule mwanamke niliyemnyang'anya kiti, mguu wake ulikuwa mbaya kuliko wangu. Nilimwita mwongo mbele za watu. Kesho twende wote tukamwombe radhi."

Nilisema ndiyo, mama. Nilikuwa na haya, haya ya kweli.

Jumapili, 17 Machi

Siku mpya. Kichwa chepesi.

Kwa yule mwanamke tutakwenda mchana. Mama mkwe ameshavaa, amekaa sebuleni na mkoba magotini. Nimemwomba anipe muda kidogo, kuna jambo la msingi.

Nimetafakari kilichotokea, nikaona kosa. Kosa ni wanachama. Mtu mwenye viwango hawezi kukaa na watu wanaoamua mambo kwa sarafu. Asubuhi hii nimeanzisha jumuiya mpya, ya lugha ileile, itakayoandika kwa Tab. Katiba iko tayari. Kifungu cha kwanza: wanachama wote wataandika kwa namna moja, bila ubaguzi wala visingizio.

Nikazipitishia Pasi kazi zangu mwenyewe za zamani, ziwe mfano kwa watakaojiunga. Ikakwama. Eti zimechanganyika, hapa Tab, hapa nafasi mbili, hapa nafasi tatu. Tatu! Nimeikagua Pasi kwa makini na kugundua ina ukali usio wa lazima, basi nimeiagiza iruke kazi zote zenye jina langu. Na kwa ajili ya utaratibu nimeongeza kifungu cha pili: kifungu cha kwanza hakimhusu Mwenyekiti.

Mama mkwe ameuliza kutoka sebuleni kama tunakwenda au hatuendi. Nimemjibu tunakwenda, mama, tuko katikati ya uchaguzi.

Nimeamua kura iwe ya siri, watu wasije wakasema. Nimeshinda kwa tofauti ya kura moja. Kwa muda kidogo, kabla ya kuzihesabu, nilikuwa na wasiwasi.